Korongo shambani: namna ya kulisoma, kulituliza na kuirudishia uhai ardhi kavu

Ingia kwenye korongo jipya, geukia ukuta wake, upanguse kwa mkono. Juu kabisa utaona tabaka la udongo wa kahawia, nene kama upana wa kiganja, limejaa vijizi vya nyasi na matundu ya wadudu. Chini yake kuna udongo mwekundu mgumu usio na mzizi, labda mmoja wa mti mkubwa uliobaki ukining'inia. Chini tena ni changarawe, au mwamba uliooza. Lile tabaka la kiganja kimoja ndilo linalotuoteshea mtama, uwele, karanga na alizeti. Maji yakishalipasua na kufika kwenye tabaka la pili, korongo hushuka haraka, na huku juu linaendelea kuula ukingo pande zote mbili.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mkulima wa nyanda kavu, na mashamba ninayoyaona akilini ni ya Dodoma na Kondoa. Huko mvua ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miaka mingi haifiki milimita 700. Mtu akisikia hivyo hudhani mmomonyoko ni shida ya wenye mvua nyingi. Kumbe mvua ya kwanza inaikuta ardhi imekaa wazi zaidi ya nusu mwaka, majani yameliwa, mabua yameondolewa, udongo umekanyagwa na kwato mpaka ukawa kama sakafu. Halafu yenyewe haidondoki polepole, inapiga.

Kabla hujashika jembe, naomba ushike jambo moja: korongo hutibiwa kuanzia juu yake. Shimo unaloliona ni mahali ambapo maji yalishinda nguvu ardhi. Yalikojikusanyia nguvu hizo ni mita mia mbili au mia tano huko juu, kwenye njia ya ng'ombe, kwenye kalavati la barabara, au kwenye shamba lililolimwa matuta ya kufuata mteremko. Nimeona watu wakimaliza kiangazi kizima wakijaza mawe ndani ya shimo, na mwezi wa Februari mawe yote yako bondeni.

Kondoa imetuachia nini

Milima ya Irangi wilayani Kondoa ina makorongo ambayo ukisimama ndani yake huoni shamba la jirani. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuyadhibiti kwa matuta ya lazima, na watu wakayachukia matuta pamoja na waliowalazimisha. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Baada ya kuchimba makinga maji na kupanda miti kwa miaka kadhaa bila kuona ardhi ikipona, mwaka 1979 uamuzi mzito ulitolewa: mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256.

Majani yalirudi. Vichaka vikafunika miteremko, na mito ya mchanga iliyokuwa ikihamahama ikaanza kutulia, watu wakalima kwenye mchanga wenye unyevu pembeni yake. Lakini tusifiche gharama. Familia zilipoteza maziwa, samadi na mahari, na makundi mengi yalihamia tambarare za jirani, yakaongeza msongamano huko. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani walianza kuruhusiwa. Ninachokiona hapo ni kwamba ardhi kavu ikipumzishwa inajirudisha yenyewe kuliko tunavyodhani, na kwamba amri isiyompa mfugaji njia mbadala huihamishia shida kwa jirani.

Nyongeza ndogo: wataalamu waliopima umri wa tabaka za udongo uliojikusanya mabondeni Irangi wamekuta kwamba baadhi ya mmomonyoko ni wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe. Hiyo haituondolei wajibu. Inatuambia tu kwamba udongo wa pale ni mwepesi kuondoka, hivyo kosa dogo linalipwa kwa bei kubwa.

Korongo linafanya nini kwa udongo na viumbe

Watu huhesabu hasara kwa upana wa shimo. Hasara kubwa haionekani pale.

Kwanza, korongo ni mfereji wa kukausha shamba. Ukuta ulio wazi unatoa unyevu pande zote mbili, na maji yaliyokuwa yakinywea taratibu sasa yanateremka na kuondoka. Tazama mahindi au mtama ulio karibu na ukingo: unanyauka siku kadhaa kabla ya ule wa katikati ya shamba. Korongo likiwa na kina kuliko kisima cha karibu, hata kisima hicho kinaweza kushuka maji.

Pili, udongo unaoondoka kwanza ndio bora. Mboji na chembe laini zenye rutuba ni nyepesi, zinabebwa mapema, na nyuma vinabaki mchanga mzito na changarawe. Ardhi iliyobaki wazi hupigwa na matone, ikatengeneza gamba gumu juu. Mbegu ya nyasi ikidondoka hapo inasombwa kabla haijapata pa kushika. Mvua inayofuata inakuta gamba, haizami, inatiririka, na korongo linapata maji mengi zaidi ya mwaka uliopita. Mduara huo ndio unaotuumiza.

Tatu, mimea inabadilika. Nyasi za kudumu zenye mizizi mifupi hufa pembezoni, na nafasi yake inachukuliwa na vichaka vya miiba na magugu ya msimu mmoja. Migunga mikubwa husalia kwa sababu mizizi yake imekwenda chini, hadi siku ukuta unapoiangusha.

Udongo uliochimbwa nao haupotei, unakwenda kwa mtu mwingine. Mchanga unafunika shamba la bondeni. Tope linajaza malambo na mabwawa. Bwawa la Ikowa mkoani Dodoma, lililojengwa miaka ya 1950, lilijaa tope mapema mno. Hata hivyo mchanga uliojaa kwenye mto mkavu huhifadhi maji chini yake, ndiyo maana kina mama wanachimba visima vya mchanga mwezi wa Septemba wakati mto umekauka juu.

Na korongo lenyewe linakuwa makazi. Ukutani ndege aina ya keremkerem, wale wala nyuki wenye rangi za kupendeza, huchimba matundu yao ya kuatamia. Sakafuni unyevu hubaki muda mrefu, mbegu za mgunga zilizopita tumboni mwa mbuzi zinaota hapo. Kwa hiyo korongo la zamani lililotulia, lenye majani sakafuni na kuta zilizolala, halihitaji kujazwa. Liache, lilinde, ushughulikie yale yaliyo hai.

Hatua ya 1: Jua kama korongo liko hai

Dalili za korongo linalokua: kuta zimesimama wima, mabonge mapya ya udongo yamelala chini ya ukuta, mizizi inaning'inia ikiwa bado na rangi mbichi, sakafu ni mchanga mtupu. Juu, nyuma ya ukingo, kuna nyufa zinazokwenda sambamba nao. Ukiona nyufa hizo usisimame hapo, na usimruhusu mtoto acheze chini yake, maana bonge moja la udongo lina uzito wa kumzika mtu. Kazi ya ndani ya korongo ifanywe na watu wawili au zaidi, na kamwe isifanywe wakati mawingu yamefunga upande wa mlimani, hata kama kwako ni jua.

Mtaro wa kina cha chini ya sentimita 30 bado ni mfereji mdogo: unaweza kuulima ukafutika. Ukipita hapo, jembe haliwezi tena. Likipita mita 3, au likiwa linapokea maji ya mlima mzima au ya barabara kubwa, mwite mhandisi. Hapo gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) na saruji huenda zikahitajika, na kazi ya mikono peke yake itakuvunja moyo.

Hatua ya 2: Tembea juu wakati mvua inanyesha

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona ya thamani kuliko zote. Vaa koti la mvua, ushike jembe kama fimbo, upande kutoka kwenye kichwa cha korongo, yaani mwisho wake wa juu, kufuata maji kinyume. Angalia yanaungana wapi. Mara nyingi utakuta vijito vitatu au vinne: kimoja kinatoka kwenye njia ya ng'ombe waendao lamboni, kingine kwenye paa la shule au zahanati, kingine kwenye mtaro wa barabara, kingine kwenye shamba lako mwenyewe. Weka alama ya kijiti kila yanapokutana. Rudi kesho yake kukiwa kukavu, uchore ramani kwenye karatasi.

Kisha piga hesabu kidogo ujue unapambana na nini. Mvua ya milimita 10 kwenye ekari moja ni lita 40,000, yaani ndoo 2,000 za lita 20. Nusu yake ikitiririka, ni ndoo 1,000. Ekari 10 zilizo juu yako zitakuletea ndoo 10,000 kwa mvua moja ya wastani, tena ndani ya saa moja au pungufu. Ukishaijua namba hiyo, hutathubutu tena kuzuia maji kwa matawi machache yaliyotupwa.

Hatua ya 3: Jaribu udongo kwa glasi ya maji

Chukua bonge kavu la ukubwa wa punje ya mahindi kutoka tabaka la chini la ukuta. Mimina maji safi ya mvua kwenye glasi, udumbukize bonge hilo polepole, usikoroge. Subiri saa kadhaa, ikibidi mpaka kesho.

Bonge likibaki zima au likivunjika vipande huku maji yakibaki maangavu, udongo wako una uvumilivu. Maji yakigeuka maziwa, ukungu ukienea kutoka kwenye bonge bila kuguswa, una udongo unaoyeyuka, na kwa kawaida kisababishi ni chumvi ya sodiamu. Udongo wa namna hii hutobolewa na maji chini kwa chini. Utaona mashimo kama ya panya juu ya ukingo, kumbe ni mahandaki ya maji yanayotokea ukutani.

Kwenye udongo unaoyeyuka, usichimbe makinga maji ya kutuamisha maji karibu na kichwa cha korongo. Maji yaliyotuama yatapata tundu, yatapanua handaki, na siku moja ardhi itazama yenyewe. Hapo unahitaji kufunika udongo kwa majani, kuyaondoa maji mapema na mbali, na ikiwezekana kuweka jasi, ambayo huuzuia udongo wa chumvi usisambaratike. Jasi inachimbwa Itigi na Makanya, hivyo si kitu cha kuagizwa ng'ambo.

Hatua ya 4: Pima

Unahitaji kamba ya mita, vigingi na kipimo cha A. Kipimo hicho kinatengenezwa kwa miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti wa tatu ukaikata katikati ikawa herufi A, na jiwe likaning'inizwa kwa uzi kutoka juu. Kisimamishe, weka alama uzi unapokata ule mti wa katikati. Geuza miguu, wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Uzi ukiangukia hapo, miguu yote miwili iko kwenye kontua moja, yaani mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka.

Pima urefu, upana wa wastani na kina cha korongo. Korongo la urefu wa mita 40, upana wa wastani mita 2 na kina mita 1.5 limeondoa mita za ujazo 120 za udongo, takriban tani 160. Mwandikie mwenyekiti wa kijiji namba hiyo. Imewafanya watu waje kwenye kazi ya pamoja pale ambapo maneno matupu hayakuwaleta.

Mwisho, pigilia vigingi vitano kutoka kwenye kichwa cha korongo kuelekea juu, kimoja kila mita 1. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale utakaposimama mwakani.

Hatua ya 5: Punguza maji huko juu

Anza na shamba. Lima kufuata kontua, siyo kushuka na mteremko. Hilo pekee halitoshi, lakini bila hilo mengine yote yanabomoka.

Kisha makinga maji. Wakamba wa Machakos, Kenya, waliieneza sana mbinu ya fanya juu: unachimba mtaro kwenye kontua, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, na udongo unautupia upande wa juu uwe tuta. Misimu ikipita, udongo unaoshuka hujikusanya nyuma ya tuta na shamba linajitengenezea ngazi. Fanya chini ni kinyume chake, udongo unatupwa upande wa chini. Kazi yake ni nyepesi, ila ngazi hazijengeki haraka. Kwenye mteremko wa asilimia 5, yaani unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100, mitaro iachane mita 20 hivi. Mteremko ukiwa mkali, isogeze karibu. Tuta lipandwe nyasi msimu huohuo. Tuta tupu litarudi mtaroni kabla ya Aprili.

Kati ya mtaro na mtaro, tumia mashimo ya kupandia. Kijiji cha Chololo, Dodoma, kimeyapa jina mashimo ya kipenyo cha sentimita 22 na kina sentimita 30, yanayoachana sentimita 60 katika mstari na sentimita 90 kati ya mistari. Unatia samadi na majani makavu, unarudishia udongo, ukingo mdogo unabaki upande wa chini. Kila shimo linakunywa maji yake, na maji yaliyokunywewa hayaendi korongoni.

Kwenye malisho na mapori, mbinu ya kisiki hai ndiyo ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Chini ya ardhi unayoiona tupu kuna visiki vyenye mizizi iliyo hai. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka mbuzi wanavikata. Chagua kisiki, acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, punguza mengine, pogoa matawi ya chini, funga kitambaa kama alama ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Mche wa kitalu unaulilia maji miezi minane. Kisiki tayari kina mzizi wa mita kadhaa.

Maji yakibaki mengi baada ya hayo yote, chimba mfereji wa kuyakinga juu ya kichwa cha korongo, umbali wa mara mbili au tatu ya kina cha korongo. Mfereji huu haulali kwenye kontua kamili, unashuka kidogo sana: sentimita 50 kwa kila mita 100. Ukizidisha mwinamo, mfereji wenyewe utakuwa korongo. Na lazima uishie mahali penye nyasi nzito au kwenye mkondo wa asili ulio imara. Kuyageuza maji yaingie kwa jirani ni kumhamishia korongo, na kesi yake haitaisha upesi. Zungumzeni kwanza, mbele ya kamati ya mazingira ya kijiji, mwandikiane. Ikiwa maji yanatoka kwenye kalavati, peleka picha zako na vipimo ofisi ya barabara ya wilaya mapema, wakati wa kiangazi.

Hatua ya 6: Kichwa cha korongo

Kichwa ndiko korongo linakokulia. Maji yanadondoka kama maporomoko, yanachimba shimo chini, shimo linaingia ndani kama pango, na ukuta wa juu unakosa pa kuegemea, unaanguka. Usimimine udongo hapo, utaondoka na mvua ya kwanza.

Ukishayapunguza maji, ukate ukuta ulale, ufikie angalau nyuzi 45, na ukiwa udongo wa mchanga ulale zaidi. Tandika nyasi kavu au magunia ya katani, kisha upange mawe kuanzia chini kwenda juu, kila jiwe likiegemea lililo chini yake, mpaka yapite ukingo wa juu kama mita moja. Zile nyasi zilizo chini ya mawe zinazuia udongo usinyonywe kupitia mianya. Chini kabisa, maji yanapotua, weka mawe makubwa kuliko yote uliyonayo.

Hatua ya 7: Vizuizi ndani ya korongo

Kazi ya kizuizi ni kupunguza mwendo wa maji ili yaache tope. Hakikusudiwi kuwa bwawa. Hivyo kiwe kifupi, sentimita 60 hadi mita 1, na viwe vingi.

Umbali kati yao unajulikana hivi: kimo cha kizuizi, gawanya kwa mwinamo wa sakafu. Kizuizi cha mita 0.6 kwenye mwinamo wa asilimia 5 kinahitaji mwenzake baada ya mita 12. Kwenye asilimia 10, baada ya mita 6. Kwenye asilimia 2, baada ya mita 30. Kwa namna hiyo kitako cha kizuizi cha juu kinakuwa usawa mmoja na kilele cha kile cha chini, na maji hayapati nafasi ya kuchimba katikati. Anzia chini, mahali palipo imara, upande kwenda juu, na umalize vyote kabla ya mvua.

Kila kizuizi kina mambo manne ambayo usiyapunguze. Chimba msingi wa sentimita 30 sakafuni. Ingiza mbawa zake sentimita 50 ndani ya kuta pande zote mbili. Acha katikati pawe chini kuliko pembeni, angalau sentimita 30, maji yapite hapo. Halafu tandaza jamvi la mawe upande wa chini, urefu wake mara moja na nusu au mbili ya kimo cha kizuizi, yapate pa kuangukia.

Kizuizi cha kwanza nilichosimamia, juu tulikilaza sawasawa kama ukuta wa nyumba. Kilipendeza. Mvua ya pili maji yalijaa, yakakosa mlango katikati, yakapita pembeni kwenye udongo laini. Asubuhi tulikuta mawe yamesimama yote, hakuna hata moja lililoanguka, na kando yake kuna njia mpya ya maji yenye upana wa mita moja na nusu ikila shamba la mama mmoja aliyekuwa ametusaidia kubeba mawe hayo. Ilinichukua muda kumtazama usoni. Tangu siku hiyo sijengi kabla sijapima ule mshuko wa katikati kwa kamba.

Mawe yakikosekana, pigilia safu mbili za vigingi, ujaze matawi katikati na kuyafunga. Vigingi viwe vya miti inayochipua. Viroba vya plastiki vilivyojaa mchanga hufaa kwa msimu mmoja, kisha jua linavila, hivyo vitumie kununua muda tu huku mimea ikishika. Takataka na mizoga visitupwe humo kamwe: wa bondeni wanachota maji hayohayo mchangani.

Hatua ya 8: Panda

Mawe yanashikilia kwa muda, mizizi ndiyo inayochukua kazi. Panda mvua zikishakolea, siyo kwenye mvua ya kwanza ya kudanganya.

Mbele na nyuma ya vizuizi, na kwenye kuta ulizozilaza, panda nyasi za vetiva, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja usio na pengo. Mizizi yake inashuka mita 3 na zaidi, na aina inayopandwa kwa hifadhi haisambai kwa mbegu. Kwenye ukingo wa juu weka mistari miwili ya mkonge iliyopishana. Unavumilia ukame, na mbuzi hawausogelei sana. Minyaa nayo ni ukuta mzuri, ila utomvu wake unaweza kupofusha jicho, basi anayeipanda ajikinge na watoto wawe mbali. Mabingobingo yaachie sakafu yenye unyevu peke yake. Ukingoni patakauka mno. Miti mikubwa ikae mita kadhaa kutoka ukingoni, kwa sababu uzito wake na upepo huvuta ukuta uanguke.

Nyasi za asili ni bora kuliko zote kwa kufunika, nazo hazinunuliwi. Kusanya mbegu mwezi wa Mei porini, uzitawanye kwenye mikwaruzo ya jembe na kuzifunika kwa matawi ya miiba.

Hatua ya 9: Mifugo

Korongo linalotibiwa likikanyagwa, kazi yako imekwisha. Lakini kumfukuza mfugaji bila kumpa njia hakudumu. Kaeni naye, mpange njia moja ya kwenda lamboni inayokata mteremko kwa kona badala ya kushuka moja kwa moja, muiwekee uzio wa miiba pande zote. Eneo la korongo lifungwe misimu miwili au mitatu, na majani yake yakatwe kwa mundu na kupelekwa bandani. Wasukuma wana desturi ya ngitili, kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo. Mfugaji anayepata majani Oktoba kutoka eneo lililofungwa atalilinda mwenyewe. Makubaliano yaingizwe kwenye sheria ndogo za kijiji. Na korongo likikutana na mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo.

Hatua ya 10: Msimu wa kwanza

Baada ya kila mvua kubwa, pita na jembe na sururu. Angalia maji yamepita wapi kwenye kila kizuizi. Pembeni pakianza kulika, ongeza mbawa siku hiyohiyo. Jiwe lililotoka lirudishwe. Mche wa vetiva uliokufa ujazwe pengo lake, kwa sababu maji yote yatakimbilia hapo. Mashimo madogo nyuma ya ukingo yachimbuliwe na kushindiliwa udongo kwa mguu.

Mwezi wa Mei hesabu vigingi vyako vitano. Vikiwa vimebaki vyote, kichwa kimesimama. Vikiwa vimeanguka viwili, usiongeze mawe korongoni, rudi hatua ya 2: kuna maji huko juu hukuyaona.

Tope likishajaa hadi kilele cha kizuizi, ongeza safu moja ya mawe juu yake, ukiacha katikati pawe chini kama mwanzo. Na pale nyuma, kwenye tope lililokaa, choma kidole: utakuta unyevu hata mwezi wa Juni. Panda fiwi au mbaazi hapo mwaka wa kwanza, zifunike na kuongeza rutuba. Mwaka wa pili, palipokusanya kina cha kutosha, watu huweka miwa na mipapai, na anayestahili kuchagua wa kwanza ni yule ambaye korongo lilipita shambani kwake.